Kisu cha Mzee Amans

Msomaji, ule mlango tuliouacha nusu wazi Jumamosi iliyopita umefunguliwa wote, na aliyeufungua ndiye yuleyule ambaye Odile alikuwa akiomba kimoyomoyo asiwepo kazini leo.

Kwa wewe uliyelikosa gazeti, nisikuchoshe. Odile Cayrou ni binti wa pekee wa Mzee Amans, mwenye Kengele Nne, mgahawa wa watu wa nyanda za juu za Aubrac, kusini mwa Ufaransa, uliojibanza kwenye kichochoro karibu na Bastille, hapa Paris. Amechumbiwa na Thibault Chastenay, kijana wa ukoo mkubwa. Kwa kuwaonea haya watu wake, Odile aliwaambia wakwe kuwa baba yake alikuwa wakili wa Bordeaux. Na ili asije akaambiwa amlete, akamuua kwa mdomo: alisema amekwisha kufa.

Mzee mwenyewe hajui kama ni marehemu. Anachojua ni kwamba binti yake ana mchumba, na kwamba siku moja ataletwa kumsalimu. Leo kaletwa, tena pamoja na wazazi wake, kwa sababu baba mkwe, Jaji mstaafu Régis Chastenay, amesikia sifa za chakula cha pale, akaamua kuwapa wote mlo wa ghafla wa Jumapili bila kusema wanakwenda wapi.

Mzee Amans alisimama mlangoni na taulo begani. Alipomwona Odile, mikono yake ilipanuka yenyewe. Odile akatikisa kichwa, kidogo tu, macho yakimsihi.

Mikono ikabaki hewani. Kisha mzee akafanya jambo ambalo mimi, kwa hasira zangu hizi, nisingeliweza. Akaipeleka mikono ileile kwenye mabega ya Bibi Hermine, mama mkwe, akampokea koti lake la manyoya.

"Karibuni," akasema. "Meza ya watu wanne?"

"Wanne," akajibu Jaji akisugua viganja. "Tumekuja na njaa ya tangu jana, mzee. Usituonee huruma."

Akampokea Thibault koti, akampokea na Jaji. Mwisho akamfikia Odile. "Na la kwako, bibie," akasema, na Odile akalivua bila kuinua uso. Maishani mwake mwote baba yake hakuwahi kumwita bibie. Neno lile la heshima lilimchoma kuliko tusi.

Lakini bado kulikuwa na picha.

Juu ya kaunta ilitundikwa picha ya msichana mdogo, meno ya mbele hayapo, kashika kamba ya ndama aliyevishwa shada la maua. Kila mteja wa Kengele Nne anaijua. Mimi mwenyewe nimeitazama mara nyingi nikingoja sahani yangu. Sasa Bibi Hermine hakuwa mtu wa kuketi kabla ya kukagua. Akaanza kuzunguka, akitazama ukutani kengele za ng'ombe, pembe, kalenda ya mnada wa mifugo, na kila hatua ilikuwa ikimpeleka kwenye kaunta. Odile akafumba macho.

Alipoyafumbua, picha haikuonekana. Bereti ya baba yake ilikuwa imetundikwa kwenye msumari uleule, imeufunika uso wa mtoto wote. Mzee alikuwa amekwisha kupita zake na kapu la mkate.

Hapo ndipo aibu ilipomwingia Odile sawasawa. Baba yake alikuwa ameelewa, na sasa alikuwa akimsaidia kudanganya.

Balaa la pili likatoka jikoni na bakuli la supu. Josiane ni mhudumu wa miaka mingi pale, na ndiye aliyekuwa akimsuka Odile nywele tangu mama yake alipofariki. Akamwona, uso ukachanua, mdomo ukafunguka.

"Josiane," mzee akamwahi, "hawa ni wageni. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika kwetu."

Josiane akamtazama mzee. Akamtazama Odile. Akautazama mkono wa Thibault uliolala juu ya mkono wa Odile. Akaelewa yote, na hakusamehe hata moja. Akalitua bakuli mezani kwa kishindo, supu ikaruka kwenye kitambaa cheupe.

"Na bibie huyu atakula supu ya kabichi," akauliza, "au kwao hawali vya sufuria?"

Thibault akacheka, akaeleza kwamba mchumba wake ni mtu wa Bordeaux, amekua akila chaza na samaki.

"Aa, Bordeaux," akasema Josiane. "Ndiyo maana. Nilimfananisha na mtoto mmoja wa hapahapa. Lakini yule alikuwa na adabu, akiingia anasalimia."

Thibault aliona ni utani wa wahudumu wa Paris, ambao wanajulikana kwa ndimi zao. Odile alimeza supu ya moto mpaka machozi yakamtoka, akashukuru kuwa ana cha kusingizia.

Bibi Hermine yeye alikuwa na yake. Alilalamika kwamba viti ni vigumu, kwamba hewa inanuka zizi, kwamba watu wa milimani ni wema sana wakibaki milimani kwao. Akawakumbusha, kwa mara nyingine, kwamba yeye ni mtoto wa nahodha wa manowari wa Brest, na kwamba mezani kwao palinukia bahari tu. Mume wake alimwachia aseme, kama anavyoachiwa mtu redio yake.

Lakini bakuli lake alilimaliza, akalipangusa na mkate mpaka likang'aa. Odile aliliona hilo kisha akalisahau. Wewe usilisahau.

Ikaja aligoti. Mzee Amans aliileta mwenyewe ndani ya sufuria ya shaba, viazi vilivyopondwa na jibini mbichi na kitunguu saumu, akaiinua kwa mwiko mpaka ikavutika juu ya vichwa vya watu kama shuka linaloanuliwa. Meza za jirani zikapiga makofi, na Jaji naye akapiga. Mzee akakata, akamwekea kila mtu na soseji pembeni.

Alipofika kwa Odile, mkono wake ukazama hadi chini ya sufuria. Akamkwangulia ukoko, ule wa kahawia uliogandia, ambao Odile aliugombania tangu hajui kushika kijiko.

Thibault akaona. "Mzee," akasema kwa upole wa mtu aliyezoea kuhudumiwa, "mwenzangu umempa kilichoungua."

Odile angeweza kusema ndicho anachokipenda. Ilikuwa sentensi fupi tu. Hakuisema.

"Samahani, bwana mdogo," akajibu Mzee Amans. "Mkono umezoea vibaya." Akaiondoa sahani, akaleta nyingine, nyeupe, laini, haina doa.

Odile akala ile nyeupe.

Sasa Jaji Régis ni mtu mmoja mwenye hulka ya kupenda watu akishashiba. Akavuta kiti cha jirani, akamwambia mzee akae, ale nao, awape habari za huko juu. Bibi Hermine akamwambia mumewe amwache mtu afanye kazi yake. Odile naye, kwa sauti ambayo hakuitambua, akasema pengine mzee ana wateja wengine.

"Nina nafasi," akasema Mzee Amans, akaketi. Ilitokea akakaa uso kwa uso na binti yake.

Mezani palikuwa na visu vya mgahawa, safi, vimepangwa. Mzee hakuvigusa. Akatoa mfukoni kisu chake cha kukunja, mpini wa pembe, akakifungua. Akaushika mkate mzima kifuani, akauchora alama ya msalaba chini kwa ncha ya kisu, ndipo akaukata. Bibi Hermine alikikodolea macho kisu kile muda mrefu kuliko ilivyostahili. Odile alidhani ni dharau.

Jaji akakiomba, akakigeuzageuza. "Nipe hiki, mzee. Kiwe zawadi yangu."

"Kisu hakitolewi bure, Mheshimiwa. Kwetu ukipewa kisu unamrudishia aliyekupa sarafu, hata ile ndogo isiyonunua kitu. Usiporudisha, kisu kinakata kilichopo kati yenu."

"Basi mimi nitakurudishia noti."

"Tena kina mwenyewe," akasema mzee, akakichukua taratibu. "Ni cha mtoto wangu, siku nitakapochoka."

"Una mtoto?" Aliyeuliza hakuwa Jaji. Alikuwa Bibi Hermine.

"Ninaye, bibi."

"Na huja kukuona?"

Mzee Amans akatafuna kwanza, akameza. "Paris ni kubwa. Huja, kazi zisipombana. Namlalamikia nini? Ni mtoto mzuri." Hakumtazama Odile hata kidogo aliposema hivyo, na afadhali angemtazama.

Kisha akainuka akaenda ghalani. Aliporudi alikuwa ameshika chupa ya mvinyo iliyojaa vumbi, na Odile akaitambua. Chupa ile ililazwa mwaka aliozaliwa. Mama yake aliiandika jina la Odile kwa chaki. Ilikuwa ingojee siku atakapomleta mchumba nyumbani.

"Mzee," Josiane akamwita kutoka kaunta, "siyo hiyo."

"Ndiyo hiihii."

Akaifuta chaki kwa aproni, akaifungua, akammiminia Thibault wa kwanza. Akamtazama kijana yule usoni kwa kituo, kama mtu anayesoma hali ya hewa kabla ya kutoa ng'ombe. Kisha akaridhika.

"Kunywa, kijana," akasema. "Na mtunze huyu."

Thibault akashukuru, akaona ni mzee mwema tu. Odile moyo ulimjaa. Akajiambia, sasa. Akajiambia, yaishe hapahapa, na wakitaka waniache. Neno baba lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Alikuwa ameshavuta pumzi.

Jaji Régis akasimama na glasi yake.

"Mvinyo kama huu haunywewi hivihivi," akasema. "Tunywe kwa ajili ya asiyekuwepo. Kwa baba yake Odile, wakili wa Bordeaux, aliyekufa mapema mno akamwacha binti huyu peke yake duniani. Angekuwa hai, leo angekaa pale ulipokaa wewe, mzee."

Glasi ya Mzee Amans ilikuwa njiani kwenda mdomoni. Ikasimama.

Mpaka dakika ile, msomaji, mzee alidhani binti yake anaona haya ya mgahawa, ya sufuria, ya harufu ya jibini. Hayo aliweza kuyabeba. Vijana huona haya, kisha hukua. Hakujua kwamba amekwisha kuzikwa.

Akaishusha glasi polepole. "Amekufa?" akauliza. Hakumuuliza Jaji.

Odile akatingisha kichwa kukubali. Naam, alikubali. Ningependa kukuandikia vinginevyo.

"Pole," akasema mzee. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mtu mwema," akasema Odile.

"Alikupenda?"

"Ndiyo."

"Basi hukukosa kitu. Wengine hukosa hilo." Akakivuta kisu chake karibu. "Pole kwa msiba wako, bibie."

Thibault akamshika Odile bega, akidhani analia kwa kumkumbuka marehemu. Jaji akakohoa kwa huruma. Mzee Amans akapangusa kisu chake kwenye kipande cha mwisho cha mkate, upande mmoja, upande wa pili, akakila kile kipande. Kisha akakifunga kisu.

Kililia mara moja. Tak.

Lazima nikwambie kitu ambacho watu wa Aubrac hawakuambii, kwa kuwa wao hawajui kama ni kitu cha kuambiwa. Kule, baba mwenye nyumba akifunga kisu chake, chakula kimekwisha. Hapana kuongeza, hapana kumalizia. Anayetafuna anameza. Wanaume wanarudi kwa ng'ombe, na mabinti wanasimama na kuondoa vyombo. Mtoto anafundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusali, na mwili ukishafundishwa haumngoji mwenyewe aamue.

Odile alikuwa amesimama. Hakujua amesimama saa ngapi. Mkononi alikuwa na sahani yake, na juu yake sahani ya Thibault ambayo ilikuwa bado na soseji nzima. Akaganda hapohapo, akijua kwamba ameshajiumbua mbele ya wakwe.

Akainua macho amwone mama mkwe anamtazama vipi.

Bibi Hermine naye alikuwa amesimama.

Mtoto wa nahodha wa manowari, mke wa Jaji, alikuwa wima upande wa pili wa meza. Mkono mmoja umeshika sahani, na kwa ubavu wa mkono wa pili alikuwa akikusanya makombo ya mkate kwenye kitambaa, harakaharaka, kama afanyavyo msichana wa shambani anayeogopa kukaripiwa. Pete zake zilikuwa zikigonga meza.

Wanawake wawili wakatazamana. Jaji na mwanawe walikuwa bado wameketi, uma zikiwa nusu njia.

"Jamani," akasema Thibault, "mmeitwa wapi?"

Mzee Amans alimtazama Bibi Hermine, akamtazama kwa makini kwa mara ya kwanza tangu ampokee koti, kisha akainamisha macho. Siri ya pili ikaingia kwake kimya kama ilivyoingia ya kwanza.

Bibi Hermine ndiye aliyezinduka mapema. Wazoefu huzinduka mapema. Akaiachia sahani, akasema joto limemzidi, kichwa kinamgonga, na Odile, mtoto mwenye kujali, ameliona hilo akainuka kumsaidia. "Sivyo, Odile?"

Kamba ya kuokolea hiyo, imetupwa na mtu ambaye Odile hakumtegemea. Pembeni yake alikuwa amekaa baba yake, kisu kimefungwa mbele yake, akingoja jibu kama wengine.

"Ndiyo, Mama," akasema Odile. "Tutoke tupate hewa."

Akamwita Mama mwanamke yule, mbele ya Mzee Amans. Josiane, pale kaunta, akageukia ukuta.

Makoti yakaletwa. Mzee aliwavika wote kwa zamu, na Odile wa mwisho. Akamwekea kola sawa. Akamfunga vifungo kuanzia chini kwenda juu, kama alivyokuwa akimfunga asubuhi za shule, na kwa kuwa alikuwa ameupa mgongo ukumbi hakuna aliyeona mikono yake ilikuwa ikifanya nini. Odile alijaribu kusema kitu. Mzee akamwambia nje kuna upepo. Akawafungulia mlango.

Gari la akina Chastenay likaondoka. Thibault anaendesha, Jaji pembeni yake anasifia aligoti, wanawake wawili nyuma, kila mmoja na dirisha lake. Odile akatia mkono mfukoni kutafuta leso.

Akagusa pembe.

Hakuhitaji kukitoa ili akijue. Akakitoa hata hivyo, akakiweka kwenye kiganja, na kilikuwa bado na joto la mkono wa mtu. Baba yake alikuwa ameshachoka. Amempa kisu mtoto wake, kama alivyosema, na amemfungulia mlango kabla hajaweza kumrudishia chochote. Hakumtukana wala kumfukuza. Amemwachia aamue mwenyewe kama kikate au kisikate.

Odile alilia bila sauti. Alijiona mdogo, alijiona mchafu, na kwa mara ya kwanza tangu aingie katika ukoo ule hakujali nani anamtazama.

Aliyekuwa anamtazama ni Bibi Hermine.

"Una sarafu?" mama mkwe akauliza, kwa sauti ya chini kabisa. Mbele, sifa za Jaji zilikuwa zimefika kwenye soseji.

Odile akamgeukia.

"Nimekuuliza kama una sarafu. Usidhani nimekupenda ghafla. Nilipokuona umesimama na zile sahani nilikuchukia. Nilijiona mimi."

Akafungua mkoba wake wa ngozi. Akasogeza poda, akasogeza kioo, akasogeza kitambaa cha hariri, na chini kabisa, ndani ya soksi ya mtoto iliyochakaa, akatoa kisu cha kukunja. Mpini ulikuwa mweusi kwa uzee. Nyumba zote alizopitia na karamu zote alizokaa, alikuwa nacho.

"Baba yangu alinitumbukizia mfukoni stesheni, siku niliyopanda treni kuja huku," akasema. "Alikuwa mchunga ng'ombe wa watu hukohuko Aubrac, si nahodha. Nikasema nitamrudishia sarafu Krismasi. Ikaja Krismasi, nikasema ijayo. Siku aliyokufa nilikuwa kwenye karamu, nimekaa kati ya watu kama mimi nilivyo sasa, na nilipoletewa habari kwa telegramu nikaikunja karatasi nikaomba kinywaji. Kimekata, Odile. Kinakata mpaka leo."

Gari lilikuwa linaingia daraja la Austerlitz. Ng'ambo ya mto ndiko kwa akina Chastenay. Odile akafungua kijipochi chake, akapata sarafu moja ya shaba, ndogo, ambayo hata ombaomba angeirudisha. Akaibana kwenye ngumi.

"Simamisha gari, Thibault."

"Hapa? Tuko juu ya daraja."

"Simamisha."

Akasimamisha. Nyuma yao honi zikaanza. Thibault akageuka, akamwona mchumba wake amelowa machozi na kisu cha yule mzee mkononi, na kwa sekunde moja alidhani amekiiba.

"Umekipata wapi hicho?"

"Nimepewa. Nakwenda kumrudishia mwenyewe haki yake."

"Mwenyewe ni yule mpishi? Odile, yule ni nani kwako?"

Hakukuwa na joto la kusingizia tena, wala mama mkwe wa kumtupia kamba. Odile akaufungua mlango, mguu mmoja ukatua barabarani.

"Ni baba yangu," akasema. "Hakufa. Amekuvua koti, amekupa chakula, amekufungulia mvinyo aliokuwekea tangu nizaliwe, na mimi nimekaa pale nikamwacha apokee tanzia yake mwenyewe. Sina wakili wa Bordeaux. Nina yule. Ukinitaka, nifuate. Usiponitaka, sitakulaumu."

Akaufunga mlango, akaanza kurudi kwa miguu kuelekea Bastille, upepo ukilipeperusha koti lililofungwa vifungo vyote.

Thibault alikuwa ameshika usukani na hatazami popote. Jaji Régis, ambaye maisha yake yote kazi yake ilikuwa kutazama mikono ya watu wanaposema uongo, hakumfuata Odile kwa macho. Alikuwa amegeuka nyuma. Alikuwa anatazama mapajani mwa mke wake.

"Hermine," akasema taratibu, "hicho cha pili ni cha nani?"